Ni Mkono wa Dereva

Watu walimwita Uzi, naye aliitika. Si kwamba alikuwa mwembamba, la. Alikuwa na mwili wa mtu aliyezoea kubeba gia boksi kifuani na kula akashiba. Jina lilitokana na kazi. Gereji yake ilikuwa na paa la mabati, shimo moja la kukagulia magari, na benchi lililokunywa oili miaka nenda miaka rudi mpaka likawa jeusi tii. Mashine ya kupimia unyoofu wa magurudumu, ile yenye taa na vioo, haikuwepo. Kulikuwa na uzi. Uzi ukafungwa nyuma ya gari, ukavutwa ubavuni ukapita kwenye tairi la nyuma na kufika tairi la mbele. Mwenyewe akainama, akafumba jicho moja, na hapo usimsemeshe hata kama nyumba yako inaungua. Akishamaliza, gari lilinyooka. Wapo waliotoka kwenye mashine za mjini wakiwa bado wananung'unika, wakapita kwake, wakaondoka wamenyamaza.

Uzi wenyewe ulikuwa wa mkewe. Mke alikuwa fundi cherehani, chumba cha mbele cha nyumba yao kimejaa vitambaa mpaka mgeni akitaka kukaa lazima kwanza akunje sketi ya mtu. Kila alipogeuka, kibonge kimoja cha uzi mweupe hakipo. Alilalamika wakiwa wachumba, akalalamika wakiwa na mtoto mchanga, akalalamika mpaka lalamiko lenyewe likawa namna ya kumsalimia mumewe akirudi kazini.

Sasa, huyu bwana alikuwa na msemo wake, na msemo huo ndio uliokuja kumtokea puani. Mteja akirudi akisema, "Fundi, bado inavuta upande," Uzi habishani. Atafunga uzi wake, atainama, atafumba jicho, kisha atajinyoosha taratibu akipangusa vidole kwa kitambaa. "Gari haina neno," atasema. "Ni mkono."

Maana yake ni mkono wa dereva. Shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye gereji nzima ilimwita Grisi kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila grisi mahali fulani mwilini, alikuwa akidakia: "Peleka mkono hospitali, gari tuachie!" Watu wanacheka, mteja naye anacheka kwa kuona haya, mambo yanaisha. Na tusimwonee Uzi: mara nyingi alisema kweli. Kuna watu wanaoshika usukani kama wanaong'ang'ania ukuta. Ila neno likishakuwa tamu mdomoni, mwenye mdomo huacha kulitazama kabla ya kulitoa.

Binti yao wa pekee alikulia katikati ya cherehani na spana, akachagua spana. Akiwa mdogo alijua kumpa baba yake spana anayoitaka kabla hajaitaja. Alipokua akajifunza kuendesha, na kuendesha akakupenda, na hatimaye kituo cha afya kikamchukua awe dereva wa gari linalopeleka nesi, dawa na sanduku la chanjo kwenye zahanati ndogo za milimani. Hawakuwahi kuwa na dereva mwanamke. Mkuu wa usafiri, mzee mwenye kofia ya kitambaa na maneno machache, alimwambia wazi: utakuwa kwenye majaribio, tukiridhika utabaki, tusiporidhika utakaa ofisini upokee simu. Binti akasema sawa. Uzi alivimba kichwa. Aliwaambia wateja habari hiyo hata wale waliokuwa wamekuja kuuliza tu choo kiko wapi.

Gari lenyewe lilikuwa kongwe, la forwili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye ekseli nzito nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu ya pande mbili. Lilikuwa na moyo, lakini lilikaa chini. Njia ya milimani ilivuka mto wenye mawe, na kila safari jiwe fulani lilipiga chini ya gari, kwenye lile tumbo la chuma la ekseli, kishindo kikapanda mpaka kwenye meno ya abiria. Maji yakiongezeka nesi alishuka, akavua viatu na kuvuka kwa miguu, sanduku la chanjo kichwani, huku akitaja mambo ambayo nesi hapaswi kuyataja.

"Baba," binti alisema siku moja, "huwezi kuinyanyua kidogo? Ikipanda tu kiganja hivi, lile jiwe tunalipita."

Angemwomba nini kingine kikamfurahisha baba yake zaidi? Mkuu wa usafiri akakubali, na Uzi akalipokea gari kama mtu aliyeletewa mkwe. Alitoa springi za zamani, akaweka ndefu na ngumu zaidi. Akaweka shokabsoba ndefu zinazolingana nazo. Gari lilipoteremshwa kutoka kwenye jeki lilisimama juu, kifua mbele, mpaka Grisi akalipigia saluti.

Uzi hakuwa fundi wa kubahatisha. Alijua kwamba ukinyanyua gari la namna hii, ekseli haibaki palepale. Kuna fito la chuma lililolala mshazari, upande mmoja limeshika chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, upande wa pili limeshika ekseli, kazi yake ni kuizuia ekseli isiende kando. Chesisi ikipanda, fito hilo husimama zaidi, na likisimama huivuta ekseli upande wake. Tairi la huku linachungulia nje, la kule linajificha ndani. Hayo aliyajua kama anavyojua jina lake. Akalirefusha fito mpaka ekseli ikarudi katikati, akafunga uzi, akainama, akafumba jicho. Kulia sawa, kushoto sawa. Akamkabidhi mwanawe ufunguo kwa mikono miwili.

Mambo mengine ambayo gari hufanya likinyanyuliwa hakuyajua, kwa sababu uzi wake haukuwahi kumwonyesha.

Haikupita hata wiki, binti akarudi gerejini. Ilikuwa asubuhi ya kazi nyingi, wateja wamejaa kwenye benchi, Grisi yuko shimoni anaimba. Akasimama mbele ya baba yake, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, inayumba."

"Inayumbaje?"

"Sijui nisemeje. Haitulii. Nikiiacha kidogo inakwenda inakotaka."

Uzi akafunga uzi. Akainama, akafumba jicho, benchi zima likimtazama. Uzi ulikuwa umenyooka kuliko siku ya kwanza. Akajinyoosha, akachukua kitambaa, na akiwa anapangusa vidole, maneno yakatoka yenyewe, yamezoea njia.

"Gari haina neno, mama. Ni mkono."

Benchi likaangua kicheko. Grisi alitoa kichwa shimoni, akafungua mdomo kusema habari za hospitali, kisha akamwona mpwa wake usoni na kuufunga. Binti hakucheka, wala hakununa. Alimtazama baba yake kidogo, akasema, "Haya, baba," akachukua ufunguo na kuondoka.

Hakulalamika tena. Uzi akajua mkono umenyooka. Ndivyo anavyofikiri mtu aliyezoea kwamba mteja asiporudi maana yake gari limepona.

Kumbe huko kazini mambo yalikuwa yanaharibika. Nesi alimwambia mkuu wa usafiri kwamba siku hizi kwenye mawe anapona, lakini kwenye barabara nyoofu tumbo linamgeuka, gari linakwenda kama linatafuta kitu lilichoangusha. Dereva mmoja wa zamani, ambaye tangu mwanzo hakumtaka huyu binti, akapata la kusema kwenye kivuli cha karakana, akalisema kila siku. Mkuu wa usafiri alimwita binti, akamweleza kwamba muda wa majaribio unakwisha na kwamba yeye hapendi kumwonea mtu, lakini wagonjwa na chanjo hawawezi kubebwa na dereva asiyeweza kunyoosha gari. Binti aliitikia. Hakusema kwamba gari lina kasoro, kwa sababu fundi aliyesema gari halina neno alikuwa baba yake. Angesema nini? Ama yeye hajui kuendesha, ama baba yake hajui kutengeneza. Akachagua kubeba yeye.

Mama yake ndiye aliyeleta habari mezani, wakila.

"Wanataka kumtoa mwanao kwenye usukani," alisema.

Uzi aliacha kutafuna. "Nilimwambia. Atulize mkono. Anaishika gari kwa wasiwasi, na gari inasikia."

"Umewahi kukaa ndani ya gari hiyo tangu uinyanyue?"

"Nimeipima."

"Sikukuuliza kama umeipima."

Akaondoa sahani, ingawa mumewe alikuwa hajamaliza.

Ikatokea kwamba pampu ya maji ya zahanati moja ya juu ikagoma, na mkuu wa usafiri akamwomba Uzi apande na gari la chanjo akaitazame. Basi akajikuta amekaa kiti cha mbele, mfuko wa spana miguuni, nesi nyuma amekumbatia sanduku lake, na mwanawe kwenye usukani. Walisalimiana vizuri. Binti alikuwa amejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Baba akauliza cha nini. Akajibiwa ni jua tu.

Mtoni gari lilipita juu ya lile jiwe bila hata kulinusa. "Mungu ambariki aliyeinyanyua!" alisema nesi, na Uzi akatazama dirishani ili wasione anavyotabasamu. Alijisikia mtu. Akaegemea kiti, akajiambia kwamba wanawake wawili nyumbani walimtia hofu bure.

Baada ya mto barabara ilinyooka, udongo mgumu, uwanda huku na huku. Hapo ndipo dereva yeyote hulegeza mabega, akaegemeza kiwiko dirishani, akaendesha kwa vidole. Binti hakulegeza chochote. Uzi alianza kwa kutazama barabara, akaishia kutazama mikono ya mwanawe. Haikutulia hata kidogo. Kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi na hakulifuta. Uzi alielewa kwamba halifuti kwa sababu hana mkono wa kufutia.

Wakafika kwenye kona. Binti akakata usukani, gari likaingia vizuri, likatoka. Na hapo Uzi akaona jambo geni. Ukimaliza kona, usukani hurudi wenyewe. Unaulegezea tu, nao unateleza viganjani mpaka ukae sawa. Hata gari bovu hufanya hivyo. Huu haukurudi. Ulibaki palepale ulipokatwa, na mwanawe aliurudisha kwa nguvu, mkono baada ya mkono, kama anavuta ndoo kisimani.

"Mbona unaurudisha?" aliuliza.

"Haurudi wenyewe, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoinyanyua."

"Na hukuniambia?"

Binti alikuwa anatazama mbele. "Nilikuambia inayumba," alisema. "Ndiyo hiyo."

Nyuma, nesi, ambaye hakuwa mjinga, alianza kuhesabu chupa zake ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Pampu aliitengeneza bila kuiona, mikono inafanya kazi, akili haipo. Wakati wa kurudi alisema, "Niachie mimi kidogo, mama." Binti akahamia upande wa pili. Uzi alishika usukani, na kwa muda mfupi alidhani anaweza. Gari likachepuka kushoto, kwa upole, bila sababu. Akalirudisha, likapitiliza kulia. Akalirudisha tena, safari hii kwa hasira, na tairi la mbele likalamba ukingo wa mtaro, changarawe zikarushwa, nesi akapiga yowe.

"Mzee, taratibu! Jamani! Kumbe dada yetu ana nafuu!"

Jasho jembamba lilimtoka. Mabega yalishaanza kuuma, na bado hawajafika hata katikati ya uwanda. Alingoja. Alijua neno linalokuja, yeye ndiye aliyelipika na kulipakua mbele za watu, na sasa lilikuwa haki ya mwanawe kumlisha. Ni mkono, baba. Alijiandaa kulipokea. Hata alilitaka, maana lingemwondolea uzito.

"Hapo mbele kuna bonde," binti alisema kwa upole. "Anza kuishika mapema, kabla haijaamua yenyewe. Hivyo. Sasa ilegeze. Ishike tena."

Alimwongoza baba yake mpaka bonde likapita. Neno lile hakulisema. Uzi akasimamisha gari, akashuka, akazunguka kwenda upande wa abiria, na alipopishana na mwanawe mbele ya boneti aliviona viganja vyake. Vilikuwa na sugu. Siku alipomkabidhi ufunguo havikuwa nazo.

Aliomba gari lilale gerejini, akarudi nyumbani jua likiwa bado liko juu. Mkewe alikuwa kazini chumba cha mbele: jirani amesimama juu ya stuli, amevaa sketi isiyokamilika, fundi amepiga magoti chini na pini mdomoni, anaweka alama ya pindo.

"Si ungekata pindo mezani tu?" alisema Uzi, kwa kuwa alitaka kusema chochote.

Mkewe alitoa pini mdomoni. "Mezani kila pindo limenyooka," alisema. "Nguo haivaliwi imelala. Nitajua ina kombo ikishaning'inia." Akairudisha pini.

Uzi alibaki amesimama mlangoni. Jirani alimuuliza kama ni mgonjwa. Uzi alipita kati ya vitambaa, akachukua kibonge cha uzi mweupe machoni pa mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuna aliyelalamika. Chakula alikiacha.

Gerejini aliipandisha ekseli ya mbele, akaikalisha kwenye vigingi vya chuma, uzito wa gari ukiwa bado juu ya springi, akavua gurudumu. Akafunga nati nzito kwenye ncha ya uzi, na uzi uliozoea kulala ubavuni mwa gari miaka yote hiyo akauning'iniza. Gurudumu la mbele hugeuka juu ya pini mbili, moja juu, moja chini, kama mlango na bawaba zake. Pini ya juu inatakiwa kukaa nyuma kidogo ya ile ya chini. Utazame uma wa baiskeli: umelala nyuma kidogo, na ndiyo maana ukishachanganya mwendo unaweza kuachia mikono na baiskeli ikanyooka yenyewe. Usimamishe uma huo wima, na utashika mpini mpaka vidole vife ganzi.

Akaushika uzi usawa wa katikati ya pini ya juu, akaacha nati itulie. Ulitakiwa kuangukia nyuma ya pini ya chini. Uliangukia mbele yake.

Alirudia. Akaenda upande wa pili, akarudia huko. Hadithi ni ileile. Kisha akalala chini na kuona kwa macho yake jambo ambalo uzi uliolala haungemwambia hata angeuvuta mpaka kesho. Ekseli ya mbele imeshikwa na vyuma viwili virefu vinavyotoka kwenye chesisi, na mafundi huviita mikono. Alipopandisha chesisi, mikono hiyo ilipanda nayo kwa nyuma, na kwa kuwa imeng'ang'ania ekseli, ikaigeuza. Ekseli haikwenda kando. Iliinama mbele, kifudifudi, kama mtu anayechungulia kisima. Magurudumu yaliendelea kutazama mbele, sawasawa kabisa, na hayakuwa na hamu ya kukaa hivyo.

Grisi alikuwa amechuchumaa karibu, ametazama yote. "Kumbe ni mkono kweli, shemeji," alisema. "Ila wa gari."

Kilikuwa kichekesho kizuri, pengine kizuri kuliko vyote alivyowahi kutoa. Uzi aliketi ukingoni mwa shimo, akaficha uso kwenye kitambaa cha oili, na Grisi, ambaye hakujua la kufanya mahali ambapo mzaha umekwama, alikaa kando yake na kumwekea mkono begani, ukaacha alama ya grisi.

Dawa ya tatizo yenyewe haikuwa ngumu. Kuna bushi, vile vipete vya mpira na chuma vinavyokaa kwenye ncha za mikono hiyo, ambazo tundu lake haliko katikati. Ukizipiga kwenye ile mikono zinairudisha ekseli nyuma, pini ya juu inakaa mahali pake. Asubuhi Grisi angezifuata duka la vipuri. Lakini asubuhi hiyohiyo binti alikuwa ameitwa ofisini, na Uzi alijua kwamba kulitengeneza gari kimyakimya kisha kujitia hamnazo ndiyo njia nyepesi. Gari lingenyooka, watu wangesema binti amejifunza. Amejifunza! Akarudisha gurudumu mahali pake, akakaza nati, na kulipokucha akalipeleka gari kituoni likiwa na kasoro yake kamili.

Mkuu wa usafiri alikuwa amesimama uwanjani na binti, karibu na mapipa ya maji. Yule dereva wa zamani alikuwa karakanani, anafuta kioo kilichokuwa safi tayari, masikio wazi.

"Mkuu, shikamoo," alisema Uzi. "Kabla hujamwambia neno lolote, naomba uendeshe gari hii. Nenda tu mpaka njia panda urudi."

Mzee alimtazama, akautazama ufunguo. Alikuwa dereva miaka mingi kabla ya kupewa kofia na ofisi, na mkono wake ulipokea ufunguo kabla kichwa hakijaamua. Gari likatoka getini. Walisikia mlio wake ukienda, ukipungua, ukipanda, kisha honi ya mtu mwingine, ya hasira. Binti alikuwa anatazama chini. "Baba, umefanya nini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ngoja."

Gari lilirudi polepole, likaingia getini likiwa limekaribia nguzo kuliko inavyostahili. Mkuu wa usafiri alishuka akiwa amevua kofia. Alijikanda bega.

"Hii gari," alisema, "ameiendesha hivi tangu lini?"

"Tangu nilipoinyanyua mimi. Niliinamisha ekseli bila kujua. Yeye alinijulisha, nikamwambia haina neno, tena mbele za watu. Kosa ni langu lote, mkuu. Yeye hana hata chembe."

"Mlimani mpaka chini? Na zile kona zisizo na kingo?"

"Kote."

"Na watu nyuma." Mzee alilitazama gari, akalizunguka nusu, akarudi. Alionekana mtu anayejaribu kuelewa jambo kwa faida yake mwenyewe. "Mimi nimeshindwa kufika njia panda bila kumtisha mwendesha baiskeli. Hii gari imewezaje kwenda na kurudi siku zote hizi isitumbukie mahali?"

Uzi alifungua mdomo, na neno lilikuwa pale, limekaa mahali pake pa siku zote. Safari hii alilitazama kwanza.

"Ni mkono," alisema. "Ni mkono wa dereva."

Karakanani kufuta kioo kulikoma. Binti aliinua uso, akamtazama baba yake. Mkuu wa usafiri alivaa kofia. Akasema gari litengenezwe leo, na kwamba mambo ya majaribio yamekwisha, yeye hana tena la kujaribu. Kisha akamwambia yule wa karakanani aje anyooshe pipa moja ambalo mkuu mwenyewe alikuwa amelisogeza kwa bampa akiingia.

Alasiri bushi zilishaingia. Uzi alining'iniza uzi, ukaangukia nyuma ya pini ya chini, kulia na kushoto, na ndipo alipompa mwanawe ufunguo. Wakatoka wawili tu. Barabara ilikuwa tupu na nyoofu, na gari likaanza kuchepuka, kushoto kidogo, kulia kidogo.

Binti alishtuka. "Bado, baba."

Uzi alitazama usukani, akaitazama mikono ya mwanawe. Ilikuwa inafanya kazi yake: inasahihisha kabla ya kosa, inavuta kitu ambacho hakivuti tena.

"Si gari," alisema. "Nisamehe, mama. Nilikufundisha vibaya. Liachie tu, liende."

"Litaanguka."

"Halianguki. Liachie."

Binti alifungua vidole kimoja kimoja, viganja vimebaki hewani karibu na usukani, tayari kuudaka. Gari lilitingishika mara moja, likatulia, likanyooka. Kwenye kona aliukata usukani, akalegeza, nao ukarudi wenyewe, ukimtelezea taratibu mikononi mpaka ukakaa sawa. Alicheka kwa sauti, kisha machozi yakamtoka hukohuko ndani ya kicheko, na safari hii alikuwa na mkono wa kuyafutia.

"Na mkono sasa ufanye nini?" aliuliza.

"Upumzike," alisema baba yake.